Somo Wangu Amekuwa Mwanafunzi Wangu, Nitamkatazaje Halua?

Bi Mwanamwema, mama yetu wa ukurasa huu, assalamu alaykum.

Baada ya salamu, mimi mzima na mwanangu mzima, na nataka radhi mapema kwa mwandiko wangu maana skuli niliachia kidato cha pili na hapa ninapoandika mtoto yumo mapajani anaitaka hii kalamu. Nimekuja kwako na jambo ambalo asubuhi linanichekesha na likifika adhuhuri linanitia hofu, nimemwambia mume wangu akacheka tu, nikasema basi ngoja nimwandikie Bi Mwanamwema, yeye humkemea mtu na mtu mwenyewe akafurahi kukemewa.

Nina miaka ishirini na tatu, kwetu Matemwe, nimeolewa hapa mjini Kiponda. Kabla sijaolewa nilifanya kazi ya usafi mwaka mmoja na nusu katika hoteli moja ya kule kwetu, na chumba changu kilikuwa kile wanachofanyia wageni mazoezi, kuosha sakafu, kukunja mikeka, kupangusa vioo. Palikuwa na dada mmoja wa Arusha, kazi yake kumfanyisha mazoezi mgeni mmoja mmoja, yeye na mgeni wake tu, anamshika mgongo, anamnyoosha mguu, anamhesabia mpaka kumi na tano, na saa ikitimu anamwambia ahsante kesho tena, mgeni anakwenda zake kula na yeye anakwenda zake kupumzika. Alinipenda yule dada, siku ambazo hakuna wageni alikuwa akinifundisha mimi, akanambia nina jicho la kumwona aliyekosea hata akiwa wa nyuma kabisa, na mimi maneno yale nikayaweka kama mtu aliyepewa cheti.

Nilipojifungua Afra, mwanangu huyu, mwili ulinikaa vibaya, nikipanda ngazi za nyumba yetu, na unazijua ngazi za Mji Mkongwe zilivyosimama, nahema kama niliyebeba gunia la mbata. Nikaanza kufanya peke yangu juu darini yale niliyofundishwa. Jirani mmoja akaniona akaja, akamleta na dada yake, na dada yake akaja na wifi yake. Sasa hivi tuko kumi na wanane, kila siku baada ya sala ya alasiri isipokuwa Ijumaa, kanga kiunoni, kaseti ya taarabu kwenye redio, watoto wetu tumewapanga kwenye busati pembeni, na vicheko vyetu mpaka mama mkwe wangu hutugongea dari kwa mpini wa ufagio. Yupo mmoja anaitwa Kawthar, ulimi wake hauna breki, juzi nimemwambia anyanyue mguu wa kushoto akanambia, "Mwalimu, huu wa kushoto umegoma tangu siku ya harusi yangu, nipokelee wa kulia mara mbili." Watu wakakaa chini kwa kucheka na mazoezi ya siku ile yakaishia hapo. Sijapata kuwa na furaha kama hii, Bi Mwanamwema, mimi niliyekuja mjini nikiona haya hata kuagiza nyama sokoni, leo napita njiani naitwa mwalimu.

Sasa nikutajie mwenye kisa chenyewe. Nitamwita Bi Badriya, si jina lake, ingawa akisoma atajijua na Kiponda nzima itamjua.

Bi Badriya ndiye somo wangu. Mama yangu hakuwa na jamaa mjini, nilipotaka kuolewa akamwendea yeye akamwomba anishike mkono, naye akanishika kwelikweli. Ndiye aliyenifunda, ndiye aliyenifundisha kukaa na watu wa hapa, na nilipojifungua akahamia kwetu arubaini nzima, akinikanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni, akinifunga mkaja tumboni mpaka najiuliza nitapumua na nini, akinipimia uji, akinichungulia sahani. Nikitaka maji ya baridi, hapana. Nikitaka achari, hapana. Nikilala ubavu ananigeuza, na akija mgeni akakaa sana anamwambia wazi mzazi anataka kulala, inuka. Zile siku nilimwona dhalimu, lakini arubaini ilipotimu nikajiona mwili umerudi mahali pake, nikamshika nguo asiondoke.

Ana miaka sitini na moja, mzito wa mwili na mwepesi wa roho, magoti yanamuuma na maradhi ya sukari anayo mwaka wa nane huu. Mwanawe wa kike, Ummkulthum, yuko Maskati, na miezi mitatu nyuma alinipigia simu akanambia kule watu wenye maradhi kama ya mama yake wana mwalimu wao wa mazoezi wa peke yao, anakuja nyumbani kumfundisha mmoja tu. Hataki mama yake aje kuruka na sisi darini, ataanguka na watu watacheka, anataka mimi niende kwake kila asubuhi saa tatu nimfanyishe mazoezi yeye tu. Nilikubali hata hajamaliza kusema. Niliona ndio kama yule dada wa Arusha, nimefika.

Siku ya kwanza nimeingia na mtoto begani nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniangalia juu mpaka chini, akanambia, "Haya mwari wangu, leo umekuja kunifunda wewe? Nyama hii nimeitafuta miaka arubaini, usiniondolee yote kwa siku moja."

Tukaanza kidogo kidogo. Kukaa kitini na kuinuka, kusimama ukutani na kunyanyua kisigino, kupanda vidato viwili vya ngazi na kushuka, baadaye vinne, baadaye mpaka juu. Mimi nahesabu na yeye ananiibia namba, kutoka sita anakwenda tisa, nikimwambia Somo umeruka anasema yeye amesoma hesabu za Kiarabu, ni nyingine. Lakini alifanya, wallahi alifanya. Mwezi uliopita akanipigia simu niende upesi, nikadhani ameanguka, nikaenda mbio na kanga moja kichwani. Nikamkuta kwenye msala wake wa kusalia. Akanambia kaa hapo uangalie. Akasali adhuhuri, na ilipofika kusujudu akashuka, taratibu, akaweka paji la uso chini, akainuka. Miaka minne alikuwa akisali kitini. Alipotoa salamu akanigeukia akaniuliza, "Umeona?" Tukalia sote wawili, na Afra naye akalia asijue analilia nini.

Ningeishia hapa barua hii ingekuwa ya shukurani. Lakini liko ninaloliona haya hata kuliandika, nalo ni sinia.

Kila tukimaliza mazoezi Bi Badriya analeta sinia mwenyewe, na sasa magoti yamefunguka analileta kwa madaha. Halua, visheti, mkate wa kumimina, chai ya maziwa na sukari yake. Siku ya kwanza nilimwambia, "Ahsante Somo, mie nshakula." Akalitua sinia akanitazama kama niliyemtukania wazee wake, akanambia, "Tangu lini ukaingia kwangu ukatoka mdomo mkavu? Au umesikia halua yangu ina kitu?" Nikala. Na mwenye nyumba hamwachi mgeni akala peke yake, kwa hivyo nikila kipande naye anakula kipande, nikiacha ananihimiza na yeye akionyesha mfano. Nikiondoka mimi ndio kwanza wageni wanaanza kuingia, huyu amekuja kumjulia hali, huyu amepita kumwona, mpaka adhana ya adhuhuri, na kila mmoja anatengewa sinia na kila sinia Bi Badriya anaonja ili mgeni asione unyonge.

Na la kukuumiza kichwa zaidi, kosa nililitia mimi. Wiki ya kwanza alikuwa amechoka anataka kuacha, nikamwambia kwa mzaha, "Nyanyua tena Somo, hapo ndio halua ya jana inatoka." Mimi nilitaka acheke. Yeye aliishika kama darsa. Sasa akiambiwa na mtu juu ya sukari anajibu kwamba ana mwalimu wake, asubuhi anaiyeyusha yote, na mchana anaanza upya na daftari safi.

Jumamosi iliyopita nimefika akaniambia nimsaidie kile kimashine cha kuchoma kidole kupima sukari alicholetewa na mwanawe, maana miwani haioni. Ikaja kumi na saba na nukta, na mwanawe alishanambia isipite kumi. Akasema kimashine kimechoka, tujaribu tena. Tukajaribu kidole kingine, kumi na saba na nukta. Akakirudisha kwenye mfuko wake akaufunga, akacheka, halafu akaacha kucheka, akanambia, "Usimwambie Ummkulthum. Wewe ni mwari wangu kabla hujawa mwalimu wa mtu." Siku hiyo hiyo namnyoosha mguu nikaona tena kidonda alichonacho kwenye kidole cha mwisho, kidogo tu kama punje ya mtama, anasema kiatu kimembana, lakini nakiona wiki ya pili sasa na hakijakauka.

Ummkulthum hupiga simu kila Ijumaa usiku, ananiuliza mama anaendeleaje na mazoezi, na mimi namjibu anaendelea vizuri sana, na si uongo, mazoezi anaendelea vizuri sana.

Nimemweleza mume wangu, Jamil, yeye yuko mashamba ya viungo Kizimbani na Jumapili anacheza mpira. Ndipo alipocheka. Akaniuliza mimi ni kocha wa Bi Badriya au ni mwalimu wake wa mazoezi. Nikamwambia si kitu kimoja? Akasema hapana, kocha wao kabla ya kuwapa mpira anauliza nani amelala saa ngapi na nani amekula nini, na mchezaji aliyegombana na mkewe anamjua kwa kumtazama tu. Nikamwambia mimi sikuitwa kwa hayo, mimi nimeitwa kwa mikono na miguu, mdomo ni wake yeye na daktari wake. Jamil akasema sawa, akageukia ukutani akalala, lakini mimi sikulala.

Basi naomba unisaidie, Bi Mwanamwema. Ninampenda mama huyu na kazi yangu ninaipenda, kila asubuhi nnakwenda kwake nakimbia. Nikinyamaza naogopa atadhurika na mimi nipo. Nikisema, nitasemaje mimi, mtoto wa juzi, nimwambie aliyenifunda kwamba asile, nyumbani kwake, halua aliyonitengea mimi? Na nikimwambia mwanawe nitakuwa nimeuza siri ya somo wangu. Kuangalia sahani ya mtu ni kazi yangu au nimejitia kisichonihusu?

Ni mimi,
Mama Mtoto, Kiponda.

*

Mama Mtoto, waalaykumu salaam.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nimecheka mpaka walionizunguka ofisini wakaniuliza kuna nini. Mara ya pili nilipofika kwenye kidole cha mguu nikaacha kucheka, na wewe ilikupasa uache pale pale.

Kwa hivyo kabla ya mengine yote: ukimaliza kusoma hapa, mvalishe Bi Badriya buibui lake umpeleke hospitali, leo, akaonyeshwe kidonda na akapimwe sukari kwa kipimo cha daktari. Mguu wa mwenye sukari ukiumia hausemi. Unaweza kuoza na mwenyewe akawa anahadithia mambo mengine. Wiki ya pili unakiona, mwanangu, na bado ulikuwa unahesabu mpaka kumi na tano? Hapo nimekukasirikia, na sikufichi.

Nimemaliza kukasirika. Sasa tuzungumze.

Kwanza hongera. Umemrudisha mtu chini kwenye sijda baada ya miaka minne. Wako watu wenye vyeti ukutani hawajafanya jambo kama hilo, na ukiona kazi yako ni kuchezesha mikono na miguu tu basi hujioni.

Umeuliza kama sahani inakuhusu. Mume wako amekujibu akiwa amelala nusu, na amejibu vizuri, ila nitaongeza kidogo. Yule dada wa Arusha hakuwa na kosa. Mgeni wake alikuja hotelini siku nne au tano, akarudi kwao. Kazi ya dada yule ilikuwa ile saa moja: goti lisipinduke, mgongo usivunjike, mtu atoke ametoa jasho mzima. Ni kazi ya maana, ina ujuzi wake, na wewe unaijua. Kocha hushughulika na zile saa ishirini na tatu zilizobaki. Anataka kujua umelala vipi, unakula na nani, nini kinakushinda, unaogopa nini, na mnapanga pamoja namna ya kuishi ambayo utaiweza hata siku yeye hayupo. Mwalimu wa mazoezi hukusahihisha mguu. Kocha hukuuliza kwa nini jana hukuunyanyua, kisha anasubiri jibu.

Ummkulthum aliomba mwalimu wa mazoezi, maana ndilo jina alilolisikia huko aliko. Lakini mama yake si mgeni wa siku tano. Huyu utakuwa naye mpaka mmoja wenu amzike mwenzake, na maradhi yake yamo ndani ya zile saa ishirini na tatu. Ukimpa saa moja na kumwachia nyingine, unamwaga maji kwenye ndoo iliyotoboka huku ukisifiwa kwa kumwaga vizuri.

Unaniambia huwezi kwa sababu yeye ndiye aliyekufunda. Mimi nasema hakuna mwingine mjini humu anayeweza. Hebu fikiri zile siku arubaini alifanya nini kwako. Alihesabu? Alikupimia uji, alikuchungulia sahani, alikugeuza usingizini, alifukuza wageni. Ulimwona dhalimu na leo unamshukuru. Kazi ya kocha umeshafanyiwa, unaijua kuanzia ndani, tena umefundishwa na huyo huyo. Heshima yake si kumwangalia akiumia ukiwa na kisheti mkononi. Heshima ni kumfanyia kwa adabu alichokufanyia yeye kwa ukali.

Sasa fanya hivi.

Ule mzaha wa halua ya jana kutoka na mazoezi, uondoe kwa mdomo wako mwenyewe. Mwambie, "Somo, nilikosea, nilisema kwa kukuchekesha, si kweli." Usimtume mtu na usisubiri daktari aseme. Wewe uliuweka, wewe uutoe, na atakuheshimu zaidi kwa hilo kuliko kwa kumi na tano zako zote.

Sinia nalo. Kuanzia sasa usionje. Usimpe darsa juu yake na usilisukume, sema tu kwamba hutakula tamu nyumbani kwake mpaka sukari yake ishuke, na mkono wako uukunje mapajani. Atakwambia umemdharau. Mwambie ukitoka mdomo mkavu ni kwa sababu unamtakia uzima. Lakini usimnyang'anye ukarimu wake, mwanamke wa mjini hawezi kukaa na mgeni bila ya kumtengea kitu, utakuwa umemkata mkono. Badilisheni kilichomo. Mume wako si yuko Kizimbani? Akuletee mchaichai, mdalasini na iliki, chai ya hivyo haidai sukari. Tango la ndimu na pilipili, njugu kidogo za kukaanga. Na mwulize yeye mwenyewe atapenda kuweka nini, usimpangie. Akichagua yeye kitakaa, ukichagua wewe atakila mbele yako tu.

Halafu wale wageni. Nimejiuliza hao wanaoingia saa nne kumjulia hali ni akina nani, na nina hakika nusu yao ni wale wale kumi na wanane wa darini kwako, Kawthar mbele. Mwombe ruhusa Bi Badriya, akikubali waambie. Hawana haja ya kujua namba ya kimashine, waambie tu kwamba Somo anataka wageni wa kutembea naye na si wa kula naye. Anayekuja kumjulia hali ampitishe mpaka mtaa wa Malindi na kumrudisha, pole pole, kidonda kikishapona. Mwanawe anaogopa watu watamcheka. Watamcheka, naam, na yeye atawacheka wao, na mtu wa namna ile akifungiwa ndani na mwalimu mmoja atakula kwa upweke. Asubuhi abaki wako peke yake, maana magoti yake yanataka jicho lako. Jioni apandishwe darini akae kitini anyanyue mikono na wenziwe.

Mpaka wako pia uujue. Vidonge humpunguzii wala humwongezei. Huko hospitali leo muulize daktari, wewe na yeye mkisikia pamoja: ale nini kabla ya mazoezi, namba ikiwa ngapi msifanye kabisa, na akianza kutetemeka na kutoka jasho la baridi mfanye nini. Andika majibu. Kocha asiyejua anapoishia ujuzi wake ni hatari kuliko halua.

Imebaki siri. Usimpigie simu Ummkulthum nyuma ya mgongo wa mama yake. Lakini neno "anaendelea vizuri sana" usilirudie Ijumaa hii, maana unajua umeficha nini ndani yake. Mwambie Bi Badriya waziwazi kwamba hutamsema na hutamdanganyia, kwa hivyo Ijumaa simu ikilia aipokee yeye, aseme kumi na saba kwa sauti yake, na wewe utakuwa umekaa karibu naye. Akikuuliza wewe ni mwari wake au ni mwalimu wa kuajiriwa, mwambie hivi, usiongeze wala usipunguze: "Mwalimu wa kuajiriwa angeshanyamaza."

Atanuna. Mimi nawajua wanawake hawa, mimi ni mmoja wao. Atakwambia maneno mawili matatu ambayo hutayapenda na mlango utaufunga mwenyewe ukitoka. Usilie mbele yake na usitume watu wakuombee radhi, hukukosa. Mwache siku mbili. Siku ya tatu nenda saa tatu kama kawaida, piga hodi, akifungua mwamkie, kisha mvutie kiti dirishani umwambie leo tunaanza na mikono, mguu bado unapona.

Bi Mwanamwema